Nani Anamlipa Mwalimu wa Watoto Wetu Runingani?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, siku moja baada ya darsa ya kina mama, mama mmoja kijana alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alitusalimu kwa adabu, kisha akasema: "Sheikh wangu, binti yangu ana miaka mitano. Juzi ameniuliza mbona kina mama wa kwenye katuni hakuna hata mmoja anayejifunga ushungi kama mimi. Akaniambia niuvue ili nipendeze kama wao. Sheikh, nifanyeje? Niizime televisheni moja kwa moja?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwambia, "Binti yangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Tupe muda tulitafakari." Makala haya ya leo ndiyo jibu tulilomwahidi, na tunaliandika hapa kwa sababu tunajua kwamba swali lake ni la nyumba nyingi.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba ushungi ni kitu kibaya. Hakusikia neno lolote la kuutukana Uislamu. Alichokiona ni kwamba katika ulimwengu ule wenye rangi nzuri na nyimbo tamu, mama yake hayumo. Kutokuwamo nako ni somo, tena somo linaloingia kimyakimya. Mtoto asiyejiona hujifunza kwamba watu wanaostahiki kutazamwa ni wengine.

HABARI ILIYOTUZINDUA

Swali hilo lilitukuta tukiifuatilia habari moja ya dunia. Tarehe 4 Machi 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alilihutubia Bunge la nchi yake. Katika kuorodhesha matumizi aliyoyahesabu kuwa ni ubadhirifu wa serikali, alitaja dola milioni 20 zilizotolewa kwa ajili ya kipindi cha watoto wa Kiarabu, kilicho cha ukoo wa kile kipindi mashuhuri cha Sesame Street. Fedha hizo zilihusu mradi wa Ahlan Simsim nchini Iraq, nazo zilitoka katika shirika la misaada la Marekani, USAID. Ilipofika tarehe 1 Julai 2025, shirika hilo lenyewe likakoma kuendesha misaada, na kazi chache zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo.

Mkasi huo haukuwagusa Waarabu peke yao. Katika Julai hiyo hiyo, Bunge la Marekani lilifuta kiasi cha dola bilioni 1.1 zilizokwisha kupangwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma za huko. Hizo ndizo zilizokuwa zikiwafikishia vipindi vya elimu watoto wa Kimarekani ambao wazazi wao hawana uwezo wa kulipia vituo vya gharama.

Sisi si wasemaji wa Marekani. Fedha ni zao na wanayo haki ya kuziamulia. Wako watakaosema kwamba nchi iliyoivamia Iraq mwaka 2003 ilikuwa na deni kwa watoto wa Iraq, na kauli hiyo ina uzito wake. Lakini deni la mwingine halifuti wajibu wetu. Swali linalotuhusu ni hili: ilikuwaje mtoto wa Kiislamu wa Iraq, anayehitaji kufundishwa jinsi ya kuitaja huzuni yake baada ya vita, akawa anamtegemea mlipa kodi wa Marekani? Utajiri wa Waislamu ulikuwa wapi?

KIPINDI KILIKOTOKA

Ili tuielewe habari hii, yafaa tujue asili ya kipindi chenyewe. Sesame Street kilianza kurushwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969. Waanzilishi wake, Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, walijiuliza kama televisheni, ambayo watoto walikuwa wakiitazama kwa saa nyingi kila siku, ingeweza kuwafundisha herufi na hesabu watoto wa maskini, wengi wao wakiwa Weusi, waliokuwa wakiingia shule wakiwa nyuma ya wenzao. Wakatengeneza mtaa ambamo Weusi, Weupe na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikaa kama majirani, pamoja na vikaragosi vya kuchekesha.

Ujirani huo haukuwapendeza wote. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilikikataa kipindi hicho kwa sababu kiliwaweka Weusi na Weupe pamoja. Watu wakalalamika, na baada ya wiki chache tume ikarudi nyuma. Basi ugomvi juu ya nani aonekane mbele ya watoto si wa leo. Una umri wa kipindi chenyewe.

Baadaye kipindi kikaenda nchi nyingine, na huko hakikupelekwa kama kilivyo. Kila nchi iliketi na walimu na wataalamu wake, ikaamua watoto wake wanahitaji nini. Nchini Misri, mwaka 2000, alitokea Khokha, kikaragosi cha kike kilichokusudiwa kuwahimiza wazazi kuwasomesha mabinti. Afrika ya Kusini, mwaka 2002, alikuja Kami, yatima anayeishi na virusi vya UKIMWI, ili watoto wenye hali hiyo wasitengwe na wenzao. Afghanistan, mwaka 2016, aliletwa Zari, msichana wa miaka sita anayekwenda shule akiwa amejifunga ushungi. Ahlan Simsim, kilichoanza Februari 2020 kwa ajili ya watoto wa Syria na nchi jirani, kina Basma na rafiki yake Jad, aliyelazimika kuhama kwao na kuacha nyuma vitu alivyovipenda, pamoja na kimbuzi chao Ma'zooza. Na kwa watoto wa Rohingya walioko katika kambi za Cox's Bazar nchini Bangladesh, Desemba 2020 walitangazwa mapacha Noor na Aziz.

Je, vipindi hivi vinafundisha kweli au vinawachekesha watoto tu? Mwaka 2013 watafiti wawili, Mares na Pan, walizikusanya tafiti 24 zilizohusu watoto zaidi ya 10,000 katika nchi 15. Waliona kwamba watoto waliovitazama walipata faida katika herufi na hesabu, katika kuuelewa ulimwengu na afya, na pia katika mtazamo wao juu ya watu wasiofanana nao. Faida hiyo ilionekana katika nchi tajiri na katika nchi maskini.

WAISLAMU WALIPOLIPA WENYEWE

Msomaji asidhani kwamba Waislamu hawajawahi kulifanya jambo hili kwa mali yao. Mwaka 1979, kutoka Kuwait, kilianza kurushwa kipindi cha Iftah Ya Simsim. Kilitengenezwa na taasisi ya pamoja ya nchi za Ghuba. Jina lake linatokana na kisa cha Ali Baba na lile pango linalofunguka kwa kutajiwa simsim, yaani huu ufuta tunaoupika kashata. Waliokitengeneza walichagua Kiarabu fasihi, ili mtoto wa Morocco na mtoto wa Oman waelewe neno moja bila mmoja kuona kwamba lahaja ya mwenzake imepewa hadhi kuliko yake. Mpaka leo wako Waarabu watu wazima ambao husema kwamba walianza kukipenda Kiarabu fasihi hapo.

Nini kilikiua kipindi hicho? Hakikuuawa na kukosa watazamaji. Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait, na kazi ile ikakatika. Ilibidi ingojewe robo karne mpaka kipindi kilipofufuliwa mwaka 2015 kutoka Abu Dhabi. Kizazi kizima cha watoto kikapita katikati bila ya mwalimu yule. Muislamu alimvamia Muislamu, na miongoni mwa vilivyopotea ni darasa la watoto ambalo hakuna aliyekumbuka kulihesabu.

Mfano wa pili ni wa Malaysia. Mwaka 2007, katika mwezi wa Ramadhani, kilianza kipindi kifupi cha katuni kiitwacho Upin & Ipin, chenye sehemu sita tu, kwa ajili ya kuwaelimisha watoto juu ya funga. Upin na Ipin ni mapacha mayatima wanaolelewa kijijini na bibi yao na dada yao mkubwa. Wanafunga, wanaswali, wanangojea futari kwa hamu. Miongoni mwa marafiki zao yumo Mei Mei, msichana mwenye asili ya Kichina, na Jarjit Singh, mvulana wa Kipunjabi. Baadaye akaja Susanti kutoka Indonesia. Hakuna aliyeombwa aifiche dini yake ili urafiki upatikane. Kipindi hicho kilivuka mpaka na kupendwa mno Indonesia, kikazaa filamu, na kimedumu kwa miaka mingi.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba kumjumuisha kila mtoto ni kuichanganya dini mpaka isijulikane. Malaysia imeonesha kwamba mtoto wa Kiislamu anaweza kuonekana na Uislamu wake kamili, na jirani yake akaonekana kwa heshima kamili, katika kijiji kimoja cha katuni.

DINI INASEMAJE?

Wapo miongoni mwetu wanaouliza kama inafaa kabisa kumfundisha mtoto kwa vikaragosi. Tunawakumbusha kwamba katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mama wa Waumini Aisha (R.A.) ameeleza kwamba alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na Mtume akiwaruhusu wenzake waje kucheza naye. Abu Daud amepokea kwamba miongoni mwa wanasesere hao alikuwamo farasi mwenye mbawa za vitambaa. Mtume (S.A.W.) alipouliza habari ya farasi mwenye mbawa, Aisha alimjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) waliokuwa na mbawa, naye Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Kwa dalili hizi, wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu picha na katuni za kuwafundisha watoto, maadamu yaliyomo ni mema.

Na wale wanaosema kwamba mtoto asioneshwe mila za wengine, wakumbuke siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Mtume hakuwafukuza. Alisimama, akamsitiri Aisha, akamwacha atazame mpaka akachoka mwenyewe. Walikuwa wageni wa rangi na wa lugha, na walicheza mchezo wa kwao, mahali patukufu.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kwamba ametuumba mwanamume na mwanamke na kutujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Katika Suratur Rum, aya ya 22, amezihesabu tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Na katika Suratu Ibrahim, aya ya 4, ametujulisha kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, apate kuwabainishia. Mwalimu anayemsemesha mtoto kwa lugha ya kwao na kwa sura ya kwao anafuata mwenendo huo wa hekima.

Tuitazame pia Suratu Abasa. Kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), alikuja kutafuta elimu, na Qur'an ikateremka kumtetea asipuuzwe kwa ajili ya wakubwa. Baadaye Mtume (S.A.W.) alimfanya muadhini wake. Basi mtoto kipofu, mtoto kiziwi na mtoto mwenye ualbino, ambaye katika nchi yetu ameishi kwa hofu ya kuwindwa na washirikina, anao ushahidi wa Qur'an kwamba nafasi yake ni mbele, pamoja na wenzake. Runinga inayomweka mbele inatenda jema, hata kama aliyeitengeneza hajui kwamba jema hilo lilikwisha kuteremshwa.

HOFU YA WAZAZI

Hatuwezi kuipita hofu ya wazazi kana kwamba haipo. Katika miaka ya karibuni, baadhi ya vipindi vya watoto kutoka nchi za Magharibi vimeingiza maadili ya ndoa na jinsia ambayo dini yetu haiyakubali, na vimeyaingiza kwa jina hilo hilo la kumjumuisha kila mtu. Septemba 2022, nchi za Ghuba ziliitaka kampuni ya Netflix iondoe maudhui yanayopingana na maadili ya Kiislamu, yakiwamo yaliyoelekezwa kwa watoto. Mzazi anayo haki ya kuchagua, tena ni amana juu yake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Lakini mchunga hamalizi kazi yake kwa kulizuia kundi lisiingie katika shamba lenye sumu. Ni lazima alipeleke kwenye malisho, la sivyo litakufa kwa njaa au litarudi kule kule usiku akiwa amelala. Kukataza peke yake ni nusu ya kazi, na sisi tumekuwa mafundi wa nusu hiyo. Minbari zetu zimelaani katuni tangu enzi za mikanda ya video. Ni khutba ngapi zilizochangisha fedha za kutengeneza katuni moja iliyo bora?

HALI YA KWETU AFRIKA MASHARIKI

Turudi nyumbani. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake mwaka 1994. Kwa muda mrefu, fungu la watoto katika vituo hivyo lilikuwa katuni zilizonunuliwa nje kwa bei nafuu, katika lugha ambayo mtoto wa chekechea haielewi.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii kilikuja Kilimani Sesame, kipindi cha Kiswahili cha ukoo ule ule, kilichowafundisha watoto wa Tanzania herufi, hesabu, usafi na kujikinga na malaria kwa kulala ndani ya chandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto 223 wa umri wa shule ya awali kwa wiki sita, ukaona kwamba waliokipata zaidi kipindi hicho walisonga mbele zaidi katika elimu na katika mambo ya afya. Lakini ukimtajia jina hilo mtoto wa leo, hana habari nalo. Ulikuwa mradi, na miradi ina tarehe ya kwisha.

Kisha vijana wa hapa hapa Dar es Salaam wakaanzisha Ubongo. Kipindi chao cha Ubongo Kids kilianza kurushwa TBC1 mwezi Januari 2014, kikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Kikafuatiwa na Akili and Me, cha watoto wadogo zaidi, ambacho mhusika wake ni Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila usiku, usingizi unapomchukua, huingia katika nchi ya Lala na kujifunza pamoja na marafiki zake wanyama. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba watoto waliokitazama kwa majuma machache waliwapita wenzao katika kuchora na katika kutambua maumbo na namba. Vipindi hivi vimetafsiriwa katika lugha kadhaa za Afrika, Kihausa kikiwamo. Tunawapongeza vijana hawa kwa dhati. Hata hivyo, nao ni shirika lisilo la faida linalosaidiwa na wafadhili wa nje. Yaliyotokea Marekani mwaka 2025 yanatufundisha kwamba mkono wa mfadhili huweza kukunjwa kwa hotuba moja.

Vituo vya Kiislamu navyo vipo, katika redio na katika runinga, na vimefanya kazi kubwa ya daawa. Lakini kwa sehemu kubwa utamkuta mtu mzima ameketi mbele ya kamera akizungumza na watu wazima. Mtoto wa miaka mitano akipita hapo, hubadilisha kituo. Hatumlaumu.

WAKFU WA WATOTO

Je, tufanye nini? Wazee wetu walikwisha kulijibu swali hili. Ukienda Cairo utayakuta majengo ya kale yaitwayo sabil-kuttab. Mojawapo lililo mashuhuri ni lile la Abdul Rahman Katkhuda, lililojengwa mwaka 1744. Ghorofa ya chini lilitolewa maji ya kunywa bure kwa wapitanjia, na ghorofa ya juu ilikuwa chuo cha Qur'an cha watoto, hasa mayatima. Gharama zake zililipwa na wakfu: nyumba, maduka na mashamba ambayo mapato yake yalifungwa kwa ajili hiyo. Watawala walikuja na kuondoka, na darasa liliendelea. Mwalimu hakungoja hotuba ya rais yeyote ili ajue kama kesho atafundisha.

Asili ya jambo hilo ni ardhi ya Khaybar ya Sayyidna Umar (R.A.). Alipomtaka ushauri Mtume (S.A.W.), alielekezwa aizuie asili yake isiuzwe, na matunda yake ayatoe sadaka. Na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kipindi kizuri cha watoto kinazikusanya zote tatu mahali pamoja. Ni sadaka inayorudiwa kila kinaporushwa, ni elimu, na kinasaidia kumlea mtoto mwema.

Tunayo mambo matatu ya kupendekeza.

Kwanza, taasisi zinazosimamia wakfu, kama ile Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar, pamoja na Waislamu wenye nyumba na maduka mijini, wafikirie kufunga sehemu ya mapato kwa ajili ya vipindi vya watoto. Hatusemi misikiti isijengwe. Tunasema msikiti unaojengwa leo utahitaji waumini miaka ishirini ijayo, na waumini hao leo wana miaka mitano.

Pili, tushirikiane na vijana wenye ujuzi badala ya kuanza upya kila kitu. Walimu wa madrasa waketi na wachoraji, watunzi wa nyimbo na walimu wa chekechea. Sheikh ajue mipaka yake: yeye anaijua hukumu, lakini mchoraji ndiye anayejua jinsi ya kumfanya mtoto acheke. Kule Misri na Afghanistan vikaragosi vile vilipendwa kwa sababu wataalamu walisikilizana.

Tatu, katika vipindi hivyo tuwaoneshe watoto wote. Awemo Mwanaisha na ushungi wake, awemo Neema anayekwenda kanisani, awemo mtoto wa Kihindi, wa Kimasai, mwenye ualbino na anayetembelea magongo. Tukitengeneza kipindi ambamo wamo Waislamu peke yao, tutakuwa tumewafanyia watoto wa majirani zetu lile lile tunalolilalamikia. Uadilifu haugawanywi.

WAJIBU WA NYUMBANI

Wakfu utachukua muda, lakini mtoto hangojei. Kwa hiyo mzazi aanze leo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, iwe runinga au simu, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Tena mtoto hujifunza zaidi anapotazama pamoja na mzazi anayemuuliza na kumweleza. Runinga haikuumbwa kuwa yaya. Baba anayesema hana muda wa kukaa na mwanawe nusu saa, naye anatazama mpira dakika tisini, ajihesabu mwenyewe kabla hajahesabiwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratut Tahrim, aya ya 6, tujikinge nafsi zetu na watu wetu na Moto, na kinga ya mtoto mdogo ni kuwa naye karibu.

Sasa tumjibu mama yetu yule. Binti yangu, usiizime televisheni kwa hasira, wala usiiache ijiendeshe. Keti na mwanao. Mchagulie kipindi kinachosema kwa lugha yake. Na atakapokuuliza tena mbona wewe humo, usimwambie kwamba wale ni wabaya. Mwambie: "Waliotengeneza katuni hii hawajatufahamu bado, mwanangu. Tuchore yetu." Kisha mpe karatasi na penseli, mjichore wawili, wewe na ushungi wako. Wataalamu wote tuliowataja walianza kwa karatasi na penseli.

Sisi wengine tuliobaki, tuuogope ule wakati ambapo mtoto huyo atakuwa mtu mzima na kutuuliza tulikuwa wapi alipokuwa akijitafuta runingani. Tusiwe na jibu la kwamba tulikuwa tukingoja wafadhili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, awape faraja watoto wa Iraq, Syria, Palestina, Rohingya na kila mahali penye dhiki, na atujaalie mali yenye baraka na mikono yenye kuitoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.